Jina Lililokuwa Langoni

Same,
6 Februari 1994

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo! Pokea na ya Vitus, amenituma nikupe kabla hata sijakaa vizuri na kalamu. Magoti yanasemaje na hiyo baridi ya Myamba? Yule mbuzi mweupe ameshazaa?

Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupita kiasi. Leo ni siku ya sabini na moja tangu harusi, na usinicheke kwamba nahesabu. Vitus akirudi jioni namjua kwa kengele ya baiskeli. Anapiga mara tatu: ya kwanza ya Irine, ya pili ya Irine, ya tatu ya chakula. Majirani wamechoka na sisi. Sukari tumeiacha, haishikiki, lakini chai tunainywa na tangawizi uliyotuletea, na mimi nakuapia ni tamu kwa sababu ananitazama nikiinywa.

Shambani kwa mkonge wamepunguza watu tena. Wenzake tisa waliokuja na wazazi wao kutoka Kigoma wameambiwa wabaki nyumbani. Yeye bado yuko kwenye mizani, Mungu ni mwema. Lakini kinachompa raha hasa ni ukatibu wa timu. Shangazi, timu ya Tambarare ina mpira mmoja, umeshonwa mpaka umekuwa kama kiazi, na nyavu za goli wamezifuma wenyewe kwa kamba za katani. Basi mambo makubwa yanakuja! Vitus amenikataza kusema, kwa hiyo sisemi, ila ukisikia, ujue ni kichwa cha mume wangu kilichofanya kazi.

Jumapili tulipita Uwanja wa Anaeli. Nikampeleka nyuma ya goli la upande wa mlimani, kwenye jiwe la babu, nikalishika kama ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo. Naye akavua kofia akalishika. Mtu wa Kigoma, shangazi, analishika jiwe letu utadhani kitovu chake kimezikwa Myamba! Nilimpenda upya palepale.

Mwanao mwenye furaha,
Irine


Myamba,
20 Machi 1994

Irine mwanangu,

Marahaba, na ya mumeo nimeipokea. Barua yako ilikaa njiani mwezi mzima, barabara ilikuwa imekatika. Mbuzi alizaa wawili, mmoja akafa. Magoti yananitangazia mvua kabla ya redio. Mengine ni ya kumshukuru Mungu.

Sasa lililonikalisha chini. Tumainieli, huyu anayeteremsha tangawizi na kupanda na chumvi, amekuja kwangu hajatua hata mzigo. Anasema ameona fundi juu ya ngazi, pale langoni, anafuta jina la baba yangu kwa brashi. Mahali pake ameandika Uwanja wa Pambazuko, na chini amechora kopo la mafuta ya kupikia. Nikamwambia, "Tumainieli, umekunywa." Akasema, "Mama Rahabu, ningekuwa nimekunywa ningeona makopo mawili."

Kwa hiyo baba yangu amekuwa kikaango.

Wewe hukuwepo mwaka wa sitini na mbili, kwa hiyo nakuandikia, labda huko mjini mnasahau. Pembe ya msaragambo ililia hapa siku tatu. Kila nyumba ikatoa mtu na jembe, tukateremka kwa miguu, wanaume wakilima kichuguu na kung'oa miba, sisi wasichana tukipika makande ya watu mia mbili. Hakuna aliyelipwa hata mche wa sabuni. Tulitaka watoto wetu wacheze mahali tambarare, kwa sababu huku kwetu mpira ukitoka nje unaenda kuokotwa Ndungu. Siku ya kumi na moja walikuwa wanalisukuma lile jiwe kwa mitaimbo. Likateleza. Baba alikuwa upande wa chini. Mimi nilikuwa nimembebea maji, niliyafikisha, hakuyanywa.

Ndiyo maana uwanja uliitwa jina lake. Hatukuomba sisi. Watu wenyewe walisema.

Wazee wamekaa mara mbili kwa Mzee Melkizedeki. Wanazungumzia chungu. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Ila wewe uko mjini, na una masikio. Ulizia tu: ni nani aliyetia sahihi? Uniletee jina.

Shangazi yako,
Rahabu


Same,
9 Aprili 1994

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi, na pole kwa magoti. Nimekununulia dawa ya kuchua, Tumainieli atakuletea. Sisi tupo. Vitus hajambo.

Ni kweli, jina limebadilishwa. Kampuni imeahidi ukuta, bomba la maji, nyavu na jezi seti mbili. Siku hizi kila kitu ruksa, shangazi, na serikali haina tena cha kutoa. Watu hapa wamegawanyika. Kuna Bwana Eliaichi fundi viatu, ambaye hajakosa mechi tangu uwanja ufunguliwe, yeye alisimama pale langoni Jumatatu ya Pasaka akapiga kelele, "Nikifa mimi mtanibandikia tangazo la sabuni kaburini?" Vijana wakamjibu, "Mzee, jina halidaki penalti!" Naye Zaituni muuza karanga akawageukia wote: "Jina mnalipigania, choo cha wanawake mmekinyamazia miaka thelathini!" Tulicheka wote, hata Eliaichi. Nikadhani yameisha.

Mechi ilipoanza yule wa kipaza sauti akasema, "Karibuni sana Uwanja wa Pambazuko." Shangazi, Eliaichi akakaa chini. Akafunga mdomo. Na watu wote wakafunga midomo, hata vijana waliokuwa wanamcheka, sijui ni nani aliyewaambia. Dakika tisini. Nilisikia viatu vikigonga mpira. Nilisikia mbuzi akilia ng'ambo ya reli. Dakika ya sitini Raymond, mshambuliaji wetu, akafunga bao, bao zuri la kichwa, nikasikia mpira unavyokwaruza wavu mpya. Alikimbia amenyanyua mikono. Hakuna aliyepiga hata kofi. Akaishusha mikono mwenyewe, polepole, kama mtu aliyegundua yuko kanisani. Vitus alikuwa amekaa pembeni mwa uwanja, nikaona ameacha kuandika. Sijawahi kuogopa watu waliokaa kimya, ila siku ile niliogopa.

Aliyetia sahihi sijamjua. Ni mambo ya viongozi, nao ni wengi.

Jambo jingine dogo tu. Kuna jirani yangu, asubuhi alifungua mlango akakuta kigae cha chungu kizingitini. Hakikuanguka, kimewekwa, upande mweusi juu. Mumewe alicheka akakitupa shimoni. Maana yake nini, shangazi? Ananiuliza mimi kwa kuwa ni Mpare, na mimi sijui.

Mwanao,
Irine


Myamba,
30 Aprili 1994

Irine,

Marahaba. Dawa imefika, inawasha lakini inasaidia. Vitus hajambo? Safari hii umesema hajambo ukaishia hapo. Barua ya kwanza ulimtaja kwenye kila mstari, mpaka nikajua anavyopiga kengele.

Umeuliza kigae. Kigae ni hodi. Maana yake kuna mtu ameshajua mlango, na anampa mwenye mlango nafasi ya kusema kabla hajasemewa. Mwambie huyo jirani yako asiwe mjinga. Na mumewe asicheke.

Sasa nisikilize, maana ninaandika nikiwa na hofu na mkono si mwepesi. Chungu kimefinyangwa. Siku imepangwa, Jumamosi tarehe ishirini na moja Mei, kwa Mzee Melkizedeki. Wenzetu hutusema kwamba Mpare atauza ng'ombe ili aende mahakamani kudai kuku, na mimi nilidhani tungekwenda mahakamani. Wazee wamekataa. Wamesema karatasi ya kampuni ina mawakili, chungu hakina wakili.

Unajua inavyofanywa? Watu wanakizunguka. Kinaambiwa kosa, kinaambiwa mkono uliofanya kosa, na nyumba ya mkono huo. Kisha mkubwa wa ukoo wa aliyedhulumiwa anakipiga kwa fimbo. Kikishavunjika hakuna wa kukiunga. Na kwa kuwa kaka yangu, baba yako, ametangulia, mkubwa wa watoto wa Anaeli ni mimi.

Mchungaji amekuja kunionya. Ananiambia mimi ni mzee wa kanisa, nitasimamaje mezani kwa Bwana na fimbo ile mkononi? Hakunidanganya. Lakini nilipokuwa msichana kuna mtu alihamisha mpaka wa mjane, akapigiwa chungu. Nyumba yake ilitoa majeneza matatu. Mchungaji wa wakati ule alisema ni homa ya matumbo. Sikatai. Lakini majeneza yalikuwa matatu, na mwaka ulikuwa mmoja.

Nitampiga nani, Irine? Mtu mwenye mama, mwenye mke labda. Niletee jina nimjue, nimwandikie, aje aseme mwenyewe. Anayekuja na kusema kwa kinywa chake chungu hakimgusi. Kama jina huna, basi usilale ukijua kwamba ninapiga gizani.

Rahabu


Same,
12 Mei 1994

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa. Barua hii nampa Tumainieli mkononi, na amekula kiapo hatasimama njiani.

Ni Vitus. Jirani ni mimi. Kizingiti ni changu.

Na bado sijakwambia lote. Acha niliseme lote, kwa sababu nikiinua kalamu sitaweza tena.

Mwezi wa pili alikuja mwakilishi wa kampuni, Bwana Sylvester, na gari jeupe. Vitus alikuwa na furaha, shangazi, hujawahi kuona mtu mwenye furaha vile. Wenzake wameachishwa kazi, wanashinda wamekaa chini ya mnara wa tangi la maji hawana pa kwenda, na yeye ameota kuwapa angalau mahali pa kwenda Jumamosi. Alimwambia Bwana Sylvester, "Jina la Mzee Anaeli libaki, ni babu wa mke wangu." Yule akasema, "Hakuna wasiwasi, litawekwa kibao cha shaba pale kwenye jiwe." Tukashikana mikono.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Wakahitaji nakala ya Kiswahili ya kubandika mlangoni kwa klabu, na mashine ya kuandikia haikuwepo. Vitus akasema kwa majivuno, "Mke wangu amemaliza kidato cha nne, mwandiko wake ni kama wa kitabu." Nikaandika, shangazi. Mezani petu, juu ya kitambaa ulichonishonea wewe. Na nilipofika mwisho nikaona kibao cha shaba hakimo. Nilirudia kusoma mara mbili. Hakimo. Babu hayumo hata kwa neno moja.

Nikanyamaza. Si kwamba sikuelewa. Nilinyamaza kwa sababu Vitus alikuwa anacheka, na sikutaka kuwa mimi wa kumkatiza. Nilijiambia, mtu mstaarabu vile atakumbuka. Vitus akatia sahihi. Wakataka shahidi. Nikatia sahihi mimi.

Kwa hiyo mikono ni miwili, na mmoja ni damu ya Anaeli.

Vitus sasa hacheki. Vigae vimekuwa vitatu. Watu wanampisha njiani, hawamsalimii. Zaituni peke yake ndiye aliyemwambia, "Katibu, sema kitu, hata uongo." Naye hawezi, anasema akisema itabidi anitaje mimi. Na mimi sijaona siku zangu tangu mwezi wa tatu. Nilitaka kukupa habari hii kwa vigelegele, nilikuwa nimeshapanga maneno. Sasa nakupa hivi. Umesema chungu kinaambiwa mkono na nyumba. Ndani ya nyumba yetu tumeshakuwa watatu.

Usikipige, shangazi. Nakuomba kwa yale maji uliyompelekea babu.

Irine


Myamba,
24 Mei 1994

Irine mwanangu,

Barua yako imefika jana, Jumatatu. Mlima uliporomoka njiani, Tumainieli akalala siku tisa kwa watu akingoja njia ifunguliwe. Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Usiitupe karatasi hii. Soma mpaka mwisho.

Tulikuwa watu kumi na tisa uani kwa Mzee Melkizedeki. Chungu kilikuwa katikati, kidogo tu, kama cha kupikia uji wa mtoto. Fimbo nikapewa mimi. Nilikuwa nimefunga kula tangu Ijumaa na sijui nilikuwa namwomba Mungu gani. Mzee Melkizedeki akasema, ili chungu kisikosee njia, na kionyeshwe kosa lenyewe. Akavua koti, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa ile ya mlangoni kwa klabu, watu waliichana, nusu ya chini yenye majina ikabaki imeganda na gundi kwenye mbao. Akaikunjua mbele yangu.

Irine, mimi ndiye niliyekushika kidole ukaandika herufi ya kwanza, kwenye majivu, pale jikoni. Mkia wa g yako unaukunja kama wa paka aliyelala. Nilikupiga kwa ajili ya mkia ule, hukuuacha.

Tangu mwezi wa nne nilikuwa namhisi mumeo. Wewe sikukuhisi. Niliangalia karatasi ile mpaka Esta, mdogo wangu, akanigusa bega akasema, "Dada, watu wanangoja."

Mzee Melkizedeki akaanza maneno: mkono uliotia sahihi, na nyumba yake. Watu wakaitikia. Nikasema, "Ngojeni. Ongezeni na aliyejua akanyamaza. Naye awemo." Wakapenda, wakasema mama ameongea. Mzee akaniuliza, "Kuna aliyejua akanyamaza? Nani?"

Nikasema, "Mimi."

Kimya kama hicho ulichoniandikia cha uwanjani, nadhani kilikuwa ndicho hicho, kimepanda mlima. Nilisikia moyo wangu kwenye fimbo. Ndipo Mzee Melkizedeki akaja, akanifungua vidole kimoja kimoja, akaichukua fimbo. Akasema, "Chungu hakipigwi na aliyemo ndani yake."

Waliniuliza ninayemficha ni nani. Sikusema. Wanajua nina mtoto mmoja tu mjini, hawakuuliza mara ya pili.

Hayajaisha. Wamenipa mpaka Jumamosi tarehe kumi na moja Juni. Siku hiyo pembe italia, kuna msaragambo wa kujenga upya ukuta wa mawe kwenye kaburi la baba, mvua imeubomoa. Waliotia sahihi waje, walime na kubeba mawe kama watu wengine, kisha waseme kwa vinywa vyao mbele ya kaburi. Wewe utasema lako na yeye lake. Usimsemee, asikusemee. Mkisikilizwa, chungu kitapikiwa makande na watu watakula. Msipokuja, fimbo atapewa Esta. Hajui lolote, hajanyamazia lolote, na unamjua Esta, mkono wake hautetemeki hata akichinja.

Chungu kiko kwangu, kizima, chini ya kitanda, nimekifunika kanga. Nafagia kwa kukizunguka.

Kuhusu mimba, sipigi vigelegele sasa. Nimeviweka.

Shangazi yako,
Rahabu


Same,
3 Juni 1994

Shangazi,

Shikamoo.

Vitus alikwenda kwa Bwana Sylvester kuomba karatasi irudishwe. Amepewa soda. Ameambiwa mkataba ni wa miaka mitano, na kama watu hawalipendi jina, watazoea, watu huzoea.

Hawajazoea. Jumapili hakuna aliyepita lango jipya. Limefunguliwa pande zote mbili, limepakwa rangi ya njano, na halipitwi hata na mbwa. Eliaichi amebomoa seng'enge nyuma ya goli, kwenye jiwe la babu, na watu wote wanaingia hapo, mmoja mmoja, kila mtu analishika jiwe ndipo anapita. Vijana nao. Tulipofika sisi mstari ulisimama. Nilidhani watatupiga. Vitus akavua kofia, akaweka mkono juu ya jiwe, akauacha hapo muda mrefu, na mbele ya watu wote akasema, "Niliambiwa kwa mdomo, nikaamini mdomo." Hakunitaja. Mstari ukaanza kutembea tena.

Langu bado sijalisema. Nitalisema kwenu. Naogopa, shangazi. Asubuhi nikifungua mlango natazama chini kwanza.

Kengele ya baiskeli ilikuwa imekufa tangu Aprili, anaingia kimya kama mgeni. Jana ikalia, mara moja tu. Nikatoka mbio nikijua ni msiba. Kumbe amesimama uani na jembe jipya limefungwa kwenye kiti cha nyuma, mpini bado una maganda. Karani wa mizani, hajawahi kumiliki jembe. Ameniuliza, "Kwenu mnashikaje?" Nikamwonyesha.

Tunapanda Ijumaa tarehe kumi. Kama barabara imekatika tutatembea. Esta asipewe kitu mpaka jua limezama kabisa.

Irine